Tuache Kuita Mama Zetu Mashujaa, Kwanza Tuondoe Mafuta Kwenye Chupa ya Soda

Kila Jumapili ya pili ya mwezi wa tano mtandao unajaa picha za mama zetu. Kila mtu ana stori yake. Mathe alinibeba mgongoni usiku mpaka dispensari. Mathe aliuza kuku wote ndio nidungwe sindano. Mathe alisimama katikati ya barabara akazuia lori kwa mikono. Tunaweka vimoyo, tunalia kidogo, tunaandika "shujaa wangu", halafu Jumatatu maisha yanaendelea.

Mimi hilo neno limenichosha. Si eti mama zetu hawastahili. Wanastahili zaidi ya hapo. Shida ni kwamba shujaa anahitajika tu pale ambapo hakuna mpango. Zima moto wakifika kwa wakati na maji kwa tangi, hakuna mtu anaitwa shujaa, watu wamefanya kazi yao na wameenda nyumbani. Ukiona nchi ina mashujaa wengi sana upande wa watoto wagonjwa, usipige makofi kwanza. Uliza kwanza ni nani hakuja kazini.

Nitawapa stori moja ya mathe wangu, na naitoa kwa sababu imebeba kila kitu nataka kusema. Sitaki mniambie "mama yako ni noma". Hiyo najua. Nataka muangalie alifanya nini, alijua aje, na ni wapi aliachwa peke yake.

Ilikuwa mwezi wa kumi, 2010, Ruiru. Tulikuwa tunaishi ploti ya mabati, vyumba kumi vinaangaliana, choo mwisho, mfereji katikati. Barabara ya Thika ilikuwa inachimbwa. Wale wa wakati huo mnakumbuka vile vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwa sufuria. Mimi nilikuwa na miaka tisa, ndugu yangu mdogo alikuwa anakaribia mitatu. Mathe alikuwa anauza mboga karibu na stage, na saa kumi na mbili jioni alikuwa amerudi, amewasha stovu, anakatakata sukuma.

Mafuta ya taa kila mtu kwa ploti alikuwa ananunua ya mia, ya hamsini, vile amebarikiwa siku hiyo. Na kila mtu alikuwa ananunua na chupa ya soda, ile ya plastiki ya nusu lita. Hakuna chombo kingine. Kibanda cha mafuta chenyewe kilikuwa kinapima na hizo chupa. Ndugu yangu alipata chupa nyuma ya pazia, akaona kitu kama maji, akanywa.

Tulisikia kikohozi. Si kile cha mafua. Ni kile cha mtu ameingiwa na kitu, kinakuja mfululizo mpaka macho yanatoka machozi. Mathe alimfikia kwa hatua mbili, akainamisha uso wake mdomoni mwa mtoto, akanusa, na akajua.

Sasa, ploti ni ploti. Kabla hata hajasema kitu mlango ulikuwa umejaa. Na kila mtu alikuwa anasema neno moja: maziwa. "Mpe maziwa! Mpe maziwa ya moto!" Mwingine anasema mtie kidole atapike. Shosho mmoja wa nyumba ya mwisho, mtu tuliyemheshimu kabisa, alikuja na kikombe kabisa mkononi. Akamwambia mathe, "Msichana, mpe haya maziwa. Sisi tumelea watoto kabla wewe uzaliwe."

Mathe alimjibu, na hiyo sauti naikumbuka mpaka leo kwa sababu haikuwa ya hasira: "Shosho, nisamehe. Leo sitampa kitu."

Kumkatalia shosho mbele ya ploti nzima si kitu kidogo. Wale mmelelewa hizi sehemu mnaelewa. Mtoto angekufa usiku huo, kila mtu angesema aliuawa na kichwa ngumu ya mama yake.

Alimvua shati lililolowa mafuta, akampangusa mdomo na kifua na kitambaa chenye maji na sabuni, akamshika ameketi wima, kifua kwa kifua. Akaniambia, "Leta hiyo chupa. Usiimwage." Akaweka kidole gumba kwenye chupa pale mafuta yalikuwa yamefika asubuhi, akaangalia pale yamefika sasa. Akaitia kwa mfuko. Tukatoka.

Hapo ndipo mambo ambayo hakuwa na uwezo nayo yalianza.

Kliniki ya kwanza tuliyofika ilikuwa ya kibinafsi, karibu. Jina sitataja, na sitaki muanze kukisia. Mapokezi walituuliza kabla ya kumwangalia mtoto: mmekuja na ngapi? Walitaka dipoziti ya elfu tano. Mathe alikuwa na mia tatu na chenji ya mboga ndani ya leso. Aliomba kitu kimoja tu, mtu yeyote amhesabie mtoto pumzi. Akaambiwa kama hana pesa ampeleke Thika, huko ni kwa serikali.

Thika kutoka Ruiru ni kama kilomita 20. Leo hiyo ni dakika chache kwenye barabara kubwa kama hakuna jam. Wakati huo ilikuwa ni daivasheni juu ya daivasheni, trekta, mawe, na magari yanasukumana kwa laini moja. Ambulensi hatukuwa na namba ya kuita. Tulisimama kwa stage tukapata 237. Makanga alimwangalia mtoto mara moja, akaambia abiria wawili wa mbele wahamie nyuma, na nauli hakuuliza. Mathe njia nzima alikuwa ameweka mkono kwa mbavu za ndugu yangu, midomo yake inahesabu polepole. Mimi nilishikilia mfuko wenye chupa.

Hospitali ya Thika walimpokea. Daktari aliona chupa, akauliza, "Alitapika? Mlimpa maziwa?" Mathe akasema hapana na hapana. Akawekewa oksijeni, akapigwa picha ya kifua, akalazwa siku tatu. Alirudi nyumbani. Leo ni kijana wa kampasi na anakula kushinda mimi.

Hiyo ndiyo stori. Sasa tuifungue tuone ndani.

Kwanza, kwa nini daktari aliuliza kuhusu maziwa? Kwa sababu mafuta ya taa hayaui mtoto kwa tumbo. Yanaua kwa mapafu. Ni mepesi sana na yanateleza, na yakipitia njia ya hewa hata kidogo, yanachoma mapafu kwa ndani mpaka yanajaa maji na uvimbe. Yaliyo tumboni yana shida ndogo ukilinganisha. Sasa ukimtapisha mtoto, unachukua kitu kilichokuwa tumboni na kukipitisha tena kooni, karibu na njia ya hewa, mtoto akiwa analia na anavuta pumzi kwa nguvu. Umempa nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Na maziwa hayaondoi mafuta ya taa. Yanajaza tumbo, na tumbo la mtoto likijaa ghafla linatapika. Yaani kile kikombe cha shosho, pamoja na upendo wake wote, kilikuwa ndicho hatari.

Shosho hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatoa kile alichopewa na waliomtangulia. Ndio maana nasema shida si watu wajinga. Shida ni kwamba ploti nzima, watu wazima zaidi ya kumi na tano, mmoja tu ndiye alikuwa amewahi kuambiwa ukweli.

Na aliambiwa wapi? Hili ndilo jambo linaniuma. Nilimuuliza baadaye nikiwa mkubwa. Akaniambia ilikuwa siku ya kupeleka ndugu yangu chanjo. Kina mama wamekaa kwenye benchi wanangoja, na nesi mmoja akaamua kuwaongelesha wakati foleni imekwama. Akawaambia mambo ya kuharisha, ya moto, ya mafuta ya taa. Kama dakika kumi. Akaishia hapo. Hakukuwa na karatasi wala mtihani wala cheti. Ndugu yangu anaishi kwa sababu ya dakika kumi za nesi aliyeamua kutumia foleni vizuri. Na je, kama siku hiyo foleni ingetembea haraka? Kama mathe angefika amechelewa? Unaona sasa kwa nini neno "shujaa" linanikera? Linaficha bahati. Linafanya ionekane kama ni roho ya mama ilimuokoa, kumbe ni habari. Mama wa nyumba ya pili angekuwa na roho hiyo hiyo na angempa maziwa.

Pili, hiyo dipoziti. Katiba ya Kenya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 43, sehemu ya pili, kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mathe alisimama pale mapokezi miezi miwili hivi baadaye. Haki ilikuwa tayari imeandikwa. Ilikuwa mpya kabisa, wino haujakauka. Yeye hakuijua, na yule wa mapokezi ama hakuijua ama hakujali.

Mtasema hiyo ilikuwa zamani. Sawa. 2015, mwezi wa kumi, Alex Madaga aligongwa na gari Kangemi. Alikaa ndani ya ambulensi karibu saa 18, anazungushwa kutafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, mkewe akiwa hapo naye, na mwishowe alifariki. Nchi nzima ilikasirika. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Afya ya 2017 ikaja na maneno makali zaidi: kituo ambacho kina uwezo wa kutoa matibabu ya dharura na hakitoi kinafanya kosa, na faini inaweza kufika milioni tatu. Sheria hiyo pia inaeleza dharura ni nini: kuhudumiwa kabla ya hospitali, kutulizwa hali yako isizidi kuwa mbaya, na kupangiwa rufaa kama kituo hakina uwezo. Soma hiyo ya mwisho tena. "Mpeleke Thika" si rufaa. Rufaa ni mtu amekuangalia, amekupa kile anacho, ameandika, na amepanga vile utafika.

Sasa kuna upande wa pili na lazima tuuseme, kwa sababu nimewahi kuongea na mwenye kliniki ndogo hapa mtaani na hoja yake si ya upuuzi. Anasema: "Wewe unaniambia nimhudumie. Nitamhudumia. Halafu ataondoka, na bili itabaki kwangu. Wa kumi wakifanya hivyo mwezi mmoja, nafunga. Nikifunga, huyo wa kumi na moja atapata nani?" Ni kweli. Kliniki ya chumba tatu juu ya duka la simu haiwezi kubeba haki ya katiba peke yake mgongoni. Haki ikiwa ya kila mtu, gharama pia lazima iwe ya kila mtu.

Lakini hapo ndipo serikali ilisema imetatua. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilianzisha mfuko maalum wa dharura na magonjwa sugu, na SHA ikaanza kazi Oktoba 2024. Kwenye karatasi, yule wa mapokezi hana tena sababu ya kuuliza mathe ana ngapi kabla ya kumwangalia mtoto. Kwa hivyo swali letu lisiwe "kwani hospitali hazina utu?" Swali ni: je, hizo pesa zinafika kwa kliniki, na zinafika kwa wakati? Kliniki ikilipwa, iulizwe kwa nini imemfukuza mtoto. Kliniki isipolipwa, serikali ndiyo iulizwe. Kila mtu awe na swali lake. Saa hii wote wawili wanajificha nyuma ya mwenzake, na mtoto yuko katikati anakohoa.

Na hata hii "nenda kwa serikali" haifanyi kazi kila siku. Hapa Kiambu, 2025, madaktari wa kaunti walikaa nje karibu miezi mitano. Sitaingia leo kwa nani alikuwa na makosa. Nasema tu, mama aliyeambiwa "mpeleke Thika" ndani ya hiyo miezi mitano, aliambiwa ampeleke wapi haswa?

Tatu, chupa. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hii haihitaji bajeti ya kaunti.

Mtasema siku hizi tunatumia gesi. Ni kweli, mafuta ya taa yamepungua sana hizi ploti, hasa baada ya serikali kuongeza ushuru 2018 na bei ikapaa. Lakini chupa haikuenda popote. Tembea leo Ruiru, tembea Makongeni kule Thika, tembea Witeithie. Sabuni ya maji inauzwa kwa chupa ya soda. Dawa ya kuondoa madoa inapimwa kwa chupa ya maji ya kunywa. Ile ya kuzibua choo, asidi kabisa, inauzwa kwa chupa iliyokuwa na juisi, na rangi yake ni kama juisi. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Kitu pekee anachosoma ni umbo la chupa, na sisi ndio tulimfundisha kwamba umbo hilo ni tamu.

Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu 490,000 mji wa Ruiru. Hao wengi ni familia changa, chumba kimoja ama viwili, mtoto anatambaa mahali mama anapikia na kufulia. Hakuna kabati ya juu. Hakuna chumba cha kufungia vitu. Kwa hivyo zile ushauri za mtandaoni za "weka mbali na watoto" zimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuishi nyumba ya futi kumi kwa kumi. Mbali ni wapi?

Kwa hivyo haya ndiyo maoni yangu, na nitayasema wazi.

Kaunti ya Kiambu ifanye yale maongezi ya benchi yawe kazi rasmi. Si semina ya hoteli. Kila kliniki ya chanjo, kila siku ya chanjo, dakika kumi, mambo matano, kwa Kiswahili na kwa Gĩkũyũ, na kwa lugha yoyote benchi inaongea. Wahudumu wa afya wa jamii ambao tayari wanatembea nyumba kwa nyumba waongezewe hiyo kazi na walipwe kwa wakati. Na akina baba pia waitwe. Mathe alijua kwa sababu yeye ndiye alipeleka mtoto chanjo. Buda wangu angekuwa pekee nyumbani jioni hiyo, angefuata shosho.

Kila kituo cha afya kibandike Kifungu cha 43 pale mapokezi, juu ya bei, kwa maandishi makubwa kuliko bei. Na mtu akifukuzwa, aandike: kituo gani, saa ngapi, aliambiwa nini na nani. Baraza la madaktari lina kazi ya kupokea malalamiko kama hayo. Likikosa kupokea mengi, litasema hakuna shida.

Wenye vibanda wanaopima sabuni na asidi wauze kwa jerikeni, ama chupa yenye rangi tofauti na mfuniko mgumu. Hapo Thika kuna viwanda, usiniambie plastiki imekosekana. Na sisi wanunuzi tuanze kwenda na chombo chetu ambacho hakifanani na cha kunywia.

Na kabla hayo yote yafanyike, kwa sababu tunajua kasi ya serikali, shika haya, upeleke kwa grupu ya ploti:

Mtoto akinywa mafuta ya taa, petroli, dawa ya kuondoa madoa ama asidi, usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kupikia wala yai.

Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi, mpanguse mdomo.

Mkalishe wima. Akilegea ama apoteze fahamu huku anapumua, mlaze kwa upande.

Beba chupa. Kumbuka kiasi na saa.

Angalia pumzi: anapumua haraka, pua zinapanuka, mbavu zinaingia ndani, anasinzia. Ukiona moja ya hayo, kila dakika ina maana. Na hata usipoona kitu, mpeleke, kwa sababu kifua kinaweza kubadilika masaa machache baadaye.

Mtoto akichomwa na chai ama maji ya moto, maji baridi ya mfereji yanayotiririka, dakika 20. Hapana dawa ya meno, hapana unga, hapana yai.

Hayo ndiyo mambo mama yangu alikuwa nayo siku hiyo, na hata hayakuwa yote. Ni kama kurasa moja ya kitabu cha mtoto wa darasa la tatu. Hatuhitaji mashujaa kuyajua. Tunahitaji tu yawe ni ya kila mtu, kama vile kila mtu anajua namba ya mat ya kwenda kwao.

Leo jioni ukifika nyumbani, inama uangalie chini ya meza, nyuma ya pazia, kando ya beseni. Hesabu chupa za soda ambazo hazina soda. Mimi nilifanya hivyo kwa nyumba tano hapa kwetu wiki jana, tukapata kumi na moja. Tatu zilikuwa na asidi. Zote zilikuwa zinafikiwa na mtoto anayetambaa, na nyumba zote tano zina mama mzuri sana.